Mzee wa Tangi na Wageni Wake

Ukitaka kumkaribia Mzee wa Tangi, ilikuwa lazima kwanza ukubali kunuswa vidole. Mimi nimenuswa miaka. Nilikuwa mpiga pasi katika hoteli moja ya Wazungu huko Likoni, upande wa pwani, na njia ya kutoka chumba cha kufulia kwenda stoo ya mashuka ilipita ukumbini, pale tangi lilipokuwa. Akisikia viatu vyangu ataacha anachofanya, ataushika mkono wangu, ataunusa, atasema neno moja tu, "Sabuni," kisha ananionyesha mlango wa jikoni nizungukie huko na mzigo wangu kichwani. Nikamwuliza siku moja, mkono wa mpiga pasi alitaka unuke nini, udi? Hakucheka. Mtu huyu hakuwa wa kucheka, na mimi nilimjua vizuri kuliko wengi.

Tangi lenyewe lilikuwa la vioo vinene, refu kuliko kitanda cha besera, limejengewa ukutani, na pampu ndogo ya umeme ikilipulizia hewa kutwa kucha. Mwenye hoteli alilitaka ili wageni wake wakae na bilauri zao watazame samaki wa bahari yetu pasi na kulowa miguu. Watumishi wote tulimwita yule mzee kwa jina la kazi yake, na sidhani kama mwenye hoteli alikuwa na jina jingine la kumwitia. Kabla ya hapo alikuwa mkwanguaji wa meli bandarini. Unaning'inizwa kwenye ubao, unakwangua magamba na mwani ubavuni mwa meli, unamaliza, meli inakwenda zake, ikirudi imeota tena. Mwenye hoteli alisikia kuna mtu anayejua kukwangua, akamchukua.

Samaki aliwaita wageni. Uchafu uliokuwa ukiota mle ndani aliuita mwenye nyumba. Wala hakuwa akifanya mzaha. Baada ya shikamoo na marahaba ukimwuliza habari za asubuhi, hakwambii njema, atakwambia mwenye nyumba karudi, au mwenye nyumba kapumzika kidogo. Hilo la kupumzika nililisikia mara chache sana. Mwanzo huja vumbi la rangi ya kahawa kwenye kioo, na hilo hulisugua kwa kumbi la nazi. Kisha huota nyuzi za kijani juu ya mawe, ndefu, zinapepea, na hizo huzing'oa kwa vidole moja moja kama mtu anayechambua kuku. Lakini aliyemtesa hasa alikuwa wa tatu, utando mwekundu ulioingia weusi, unajitandaza juu ya mchanga kama shuka, una mapovu madogo ndani, na harufu yake usiombe uinuse kabla hujafungua kinywa. Huo aliuondoa asubuhi kwa kijiko, alasiri umetandikwa upya. Alikuwa na msemo wake: "Mimi nalala, yeye halali." Alikuwa akiusema bila hasira, ila nikimtazama mabega nilijua amechoka mtu huyu.

Maji aliyabadilisha mwenyewe, kwa mzega, debe mbele na debe nyuma. Hakubali maji ya karibu na feri kwa sababu ya mafuta ya meli, wala hakubali maji mafu, yale ya siku ambazo bahari haijai sana. Alingoja bamvua, bahari ije juu kabisa, ndipo ashuke. Siku hizo alikuwa akitoka alfajiri, na mpaka tunapokunywa chai ameshapanda mara sita. Vijana wa baa waliwahi kumtania kwamba anaihamisha bahari. Akawajibu kwamba bahari haimtaki, ndiyo maana kila akiichukua inamwozea. Wao wakacheka. Mimi sikucheka, maana nilikuwa karibu nikamwona uso.

Sasa niwaambie kosa lake, na nilisema tangu zamani kuwa ni kosa, sikungoja mwisho. Alikuwa akiwalisha mno. Wageni ni wageni, na kwao mzee yule mgeni hakai na njaa, hata kama wenyeji watalala na uji. Mara tatu kwa siku, saa zile zile anazokula yeye, huja na kinu chake kidogo, amewatwangia uduvi au kome, anatia konzi kwa konzi mpaka wale samaki wanaacha kula na chakula kinashuka chini chenyewe. Akiona kinashuka huridhika. Alikuwa akisema mgeni asiyeacha kitu sahanini hakushiba.

Ramadhani ilipoingia tulidhani atapunguza. Wapi! Kinu kilitwanga mchana kweupe na yeye kafunga, midomo imemkauka. Mpishi wetu mmoja, mtu wa bara, Mkristo, akamwuliza kwa uchokozi kama samaki wake hawana dini. Mzee akasimama akafikiri kabisa, kana kwamba ameulizwa swali na kadhi, akajibu kwamba hawa wametolewa kwao, wako safarini, na msafiri ana ruhusa ya kula. Mpishi akaenda zake akitikisa kichwa. Mimi hilo nalikumbuka mpaka leo nikicheka peke yangu, kisha kicheko kinaniishia.

Wakati mmoja alipata akili nzuri. Alijua kwamba tasi ni samaki wa kula mwani, kila mvuvi wa Likoni anajua, akatafuta tasi wanne wazima akawatia tangini wakamalize zile nyuzi za kijani. Siku mbili walikula wakatusafishia jiwe moja likawa jeupe. Siku ya tatu akaona haya. Wageni wapya, na chakula chao ni takataka za ukutani? Akawatwangia uduvi. Tasi nao si wajinga, wakauacha mwani wakawa wanangoja kinu. Baada ya mwezi walikuwa wanono, na mawe yameota kuliko kwanza.

Hivyo ndivyo alivyokuwa, na usidhani alikuwa mpole kwa kila kiumbe. Nyumbani samaki alikuwa akila kila siku, na tasi wa kukaanga ndiye aliyempenda zaidi ya wote, hata miba hasazi. Nilipomwuliza akanishangaa. Yule ni kitoweo na huyu ni mgeni, alisema, naona wewe huoni tofauti. Na watu alikuwa hawabembelezi. Mfagiaji mmoja alifuta kioo cha tangi kwa kitambaa chenye sabuni, tena kwa nje tu, akitaka kusaidia. Mzee hakumsemesha tangu Mfungo Sita mpaka Idi. Wakipishana anageuza uso. Mwenzake akilia kwa kunyamaziwa, yeye anang'oa nyuzi zake.

Mwaka hadi mwaka alikuwa akija bibi mmoja wa Kizungu, mtu mzima, anayetembelea fimbo, ambaye kwao alikuwa akifuga samaki wa namna hiyo. Kiswahili chake kilikuwa kile cha kuamrisha watumishi, lakini nia yake ilikuwa njema. Akaniita nikiwa na mashuka, akalinyooshea tangi fimbo. "Wewe ambia mzee, chakula kidogo, kidogo sana. Hii takataka nakula chakula. Kama samaki naona njaa kidogo, maji nakuwa safi." Akaongeza kwamba pazia la upande wa jua lifungwe, maana jua nalo linaukuza. Nikaenda nikamfikishia mzee neno kwa neno, na mimi nikatia yangu, nikamwambia hata mie kwa akili zangu za pasi naona ni kweli. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mgeni wa kwao hushinda na njaa. Wa kwangu hapana." Pazia alilifunga. Kinu hakukiacha.

Nikamwacha na lake. Ningeliendelea kumwacha, wallahi, lau si mkewe.

Mkewe alikuwa mshonaji wa kofia za mkono, zile za vitundu, na kofia zake zilitafutwa hata kisiwani. Nilikuwa nikipita kwao jioni nikitoka kazini, kwani nyumba yangu ilikuwa ya pili kutoka yao, nami nilimwita mama. Alikuwa mwanamke wa maneno matamu na wa subira, na jinsi alivyoishi na yule mtu bila kumtia kinu kichwani, mimi sijui. Miaka ile kabla ya Uhuru macho yakaanza kumwingia ukungu. Mtoto wa jicho, tena yote mawili. Alianza kusogeza kofia karibu na pua, kisha akawa anashona mlangoni tu, jua likiwa kali. Daktari alimwambia hili litakwenda polepole, lakini litakwenda.

Huyu mama hakuwahi kuliona lile tangi. Jamaa za watumishi hawakuwa na ruhusa ya kupita ukumbini. Kwa miaka yote alimwona mumewe akirudi vidole vimekunjamana kwa maji ya chumvi, akisimulia kitatange wake wa manjano, na wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, na jinsi wanavyogeuka wote kwa pamoja. Akaniambia jioni moja jambo lililonikaa. Alisema, "Nimezaliwa pwani, mwanangu, samaki nimewaona maisha yangu yote, na wote walikuwa wamekufa. Nataka kumwona mmoja akiwa hai kabla haya macho hayajafunga."

Basi Uhuru ukakaribia. Mitaani watu walikuwa wakibishana bendera gani itasimama pwani hii na nani atakuwa nani. Mwenye hoteli akatangaza kwamba siku hiyo watumishi wote walete jamaa zao, waingie kwa mlango wa mbele, na baadaye wale pilau uani. Tulifurahi, hata mimi na ulimi wangu huu. Mzee wa Tangi alipolisikia alikuja mpaka chumba cha kufulia, pahali ambapo hakuwahi kukanyaga kwa kuogopa sabuni. Akasimama mlangoni. Akaniuliza yule bibi wa fimbo alisema chakula kidogo kiasi gani.

Nikamwambia. Kijiko kimoja, mara moja, tena si kila siku. Na maji abadilishe madebe machache machache. Akaondoka bila kusema ahsante.

Kwa wiki tatu aliwanyima, na nilimwona akikonda yeye. Wale samaki walikuwa wameshamzoea. Akipita tu wanakuja wote mbele, wanafungua na kufunga vinywa kiooni, na yeye anapita ameinamisha kichwa kama mtu anayedaiwa. Akaanza kupita njia ya jikoni, kama mimi. Lakini maji, jamani! Utando mwekundu ulianza kuchanika, ukakusanyika pembe moja, ukaisha. Tasi kwa njaa wakarudia mawe. Wiki ya tatu mchanga ulikuwa mweupe, na ungeweza kusimama mlango wa mbele ukahesabu magamba ya kitatange. Nilimwita mzee tukatazama pamoja. Akaniambia kwa sauti ndogo kwamba mwenye nyumba amehama. Ilikuwa mara ya kwanza na ya mwisho kumwona mtu yule na furaha.

Mkesha wa siku yenyewe, Likoni nzima ilikuwa inapika. Mbuzi wamechinjwa, masufuria yanapita kichwani, hakuna nyumba ambayo moshi haukutoka. Kwetu siku kama hiyo hata adui akipita mlangoni huitwa akala. Sikuwapo alipofanya alichofanya. Nilihadithiwa na mpishi, yule wa bara, kwamba adhuhuri mzee alikuja jikoni akaomba kamba, si uduvi, kamba wakubwa wa wageni wa hoteli, akawamenya akawatwanga. Jioni akaja tena. Mpishi akamwuliza kama si yeye aliyekatazwa. Mzee akamjibu kwamba kesho watu wote watakuwa wameshiba, hata mbwa wa mwenye hoteli, na yeye hawezi kumleta mke wake mbele ya wageni walioshinda na njaa siku ya furaha.

Siku za Disemba joto letu mnalijua, chakula huoza usiku mmoja. Asubuhi nilipoingia ukumbini nilidhani mtu kamwaga maziwa tangini. Maji yalikuwa meupe, mazito, huoni hata jiwe la mbele. Harufu ilikuwa imefika ngazini. Samaki wawili watatu walikuwa juu wanahema, wengine siwaoni. Mzee alikuwa amesimama pale na mzega begani, madebe matupu, kanzu yake nzuri imelowa mpaka magotini. Alishapanda na kushuka sijui mara ngapi, na bahari yenyewe siku hiyo ilikuwa ya maji mafu, imekaa mbali. Nikamshika mkono. Nikamwambia amzuie mama, aje siku nyingine. Akasema siku nyingine atapita mlango upi?

Watu wakaingia, wakatazama, wakashika pua, wakapita uani kwenye pilau. Nilikuwa nimetoka kumlaki mama nimzuie, lakini alikuja na shoga yake, wakapitia njia nyingine. Nilipofika ukumbini nilimkuta ameshafika. Amevaa buibui jipya, amepaka wanja, macho yale. Shoga yake alikwenda kutafuta pa kukaa. Tulibaki watatu, mimi, yeye, na mumewe.

Alisogea mpaka pua ikagusa kioo. Akakaa hivyo muda mrefu. Akaenda upande wa kushoto, akaenda upande wa kulia. Kisha akageuka.

"Bwana, naona weupe mtupu. Ni maji au ni macho yangu?"

Mzee wa Tangi alinitazama mimi, sijui akitaka nini kwangu. Kisha akasema, "Maji ni safi. Ni macho."

Mama akasema, "Basi," akashusha ushungi wake vizuri. Harufu haikumshtua, maana samaki aliowajua yeye wote walinuka. Akauliza wamekaa upande gani. Mzee akamshika mkono, akaupeleka kiooni, akaanza kumwonyesha: hapa anapita kitatange, hapa wale wadogo, sasa wanageuka. Mama akawa anaitikia kila neno. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili, mwenye ulimi, mwenye kujibu kila mtu, na nikanyamaza. Niliona nikisema nitamvua nguo mzee wa watu mbele ya mkewe. Hivyo nilijiambia.

Samaki walikufa wote kabla ya jua kuchwa. Mwenye hoteli hakuagiza wengine. Palepale pakajengwa rafu za chupa, na mzee akaambiwa ahsante, aende zake. Mimi niliacha kupita kwao jioni, na mwaka uliofuata nikahamia Kisauni, nikapata kazi ya pasi kwa dobi mmoja, na Likoni ikawa mbali. Nilisikia tu kwa watu kwamba mama ameacha kushona.

Nilikwenda kuwaona baada ya zaidi ya mwaka. Nilimkuta mzee kibarazani, kuta za nyumba zimeota koga ya mvua kuanzia chini, kijani, na yeye hajagusa hata kidogo. Tukaamkiana. Nikauliza hali ya mama. Nilikuwa nimezoea kumchimba maneno mtu yule, lakini siku hiyo alisema mwenyewe, kama aliyekuwa akinisubiri.

Aliniambia kwamba jioni ile ile ya Uhuru mama alifunga sindano zake na kofia iliyofika nusu, akampelekea binti wa jirani. Alisema hana haja tena ya kujidanganya. Mzee akamwacha. Alidhani atamwambia kesho, au baada ya Ijumaa. Kisha ikawa kila siku ni vigumu kuliko jana.

"Na alikuwa anaona," akasema. "Mwaka mzima. Alikaa hapa mbele yangu akichagua mchele, akitoa chuya moja moja, na mimi namtazama. Angeshona kofia ngapi, mwanangu? Angekwenda harusini akatazama watu. Alijifungia ndani kwa neno langu."

Nikamwuliza, na sasa?

"Sasa ni kweli. Haoni kitu."

Nilitaka kumtukana. Nilikuwa nayo maneno, tena ya kutosha. Lakini siku ile tulikuwa wawili wenye macho mazima mbele ya lile tangi, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Mama akauliza kutoka ndani nani amekuja. Nikaingia kumwamkia. Alinyoosha mkono hewani, akautafuta wangu mpaka akaupata, na hakununa wala hakulalamika kwamba nimepotea. Alinikalisha kitandani karibu naye. Akaniambia kwamba bwana hapendi tena kuzungumza habari za wale samaki, akimwuliza hutoka nje, naye hana mwingine wa kumwuliza.

"Wewe ulikuwapo siku ile," akasema. "Uliwaona. Hebu niambie, walikuwa wazuri?"

Mlangoni mzee alikuwa amesimama akisikiliza. Nikamwambia mama walikuwa wazuri, maji yalikuwa safi, ungeweza kuhesabu magamba.